Treni Iliyokuwa Ikinywa Maji Mlangoni

Gazeti lilimshinda. Barua zilimshinda. Hata karatasi ya dawa alimpa mkewe amsomee. Lakini ramani aliisoma.

Miaka thelathini na moja alitembea nyuma ya wapima ardhi akiburuta mnyororo wa kupimia, akishika nguzo yenye rangi nyekundu na nyeupe, akielekezwa kwa mikono kutoka mbali: kushoto kidogo, rudi, hapo hapo. Jua likiwaka, wapimaji walitandaza karatasi juu ya boneti ya gari, naye akachungulia begani kwao. Siku moja akajikuta anajua. Mistari ya kahawia ikibanana, huo ni mteremko, yaandae magoti. Ikiachana, ni tambarare, leo utakula kwa utulivu. Kidoa cheusi ni nyumba. Buluu ni maji. Hakuna aliyemfundisha, macho yalijisomesha yenyewe.

Watu walimwita Mzee Futi. Wapimaji walihamia kwenye mita, ulimwengu wote ukahamia kwenye mita, yeye akabaki na futi zake. Jirani akijisifu kwa ukuta mpya, Mzee Futi alitupa jicho mara moja tu na kusema umeingia nusu futi kwa mwenzio. Wakipima, ni kweli. Ndiyo maana majirani wengine walimpenda, na wengine walisubiri asafiri ndipo wajenge.

Mkewe alifariki miezi minane iliyopita. Kitanda ni kile kile, na bado alilala upande wake wa ukutani. Ule mwingine hakuugusa. Asubuhi alichemsha chai ya watu wawili, akanywa ya mmoja. Mbele za watu hakulia. Alikuwa na mwiba, na mwiba huo hakumwonyesha mtu.

Mwiba wenyewe ni neno moja.

Marehemu alikuwa na kisa cha utotoni. Alizaliwa stesheni, baba yake akiwa mjaza maji wa treni za mvuke. Alisema nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka ardhini mpaka majini, na kila asubuhi treni ilikuja kunywa mlangoni kwao. Walihama hapo akiwa na miaka mitano. Wanawe walipokuwa wadogo walikipenda kisa hicho. Walipokua wakakicheka. Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wa kiume wa marehemu, kondakta wa basi, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa breki. Yeye alizaliwa baadaye, stesheni ya jina lile lile, na hakuona ngazi wala maji. Alimuuliza dada yake kama treni hiyo, baada ya kunywa, ilikuwa inajifuta mdomo.

Siku moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, ukoo mzima umekaa sebuleni, ubishi ukapamba moto. Wazazi wa marehemu walikwishakufa siku nyingi, hapakuwa na wa kuulizwa. Macho yote yakamgeukia Mzee Futi. Si yeye aliyeipima nchi ile? Basi aseme.

"Hakuna," alisema. "Nimepita pale na mnyororo futi kwa futi. Hata shimo la panya ningeliona."

Sebule ikaangua kicheko. Mkewe naye akacheka, kidogo, akikunjakunja kitambaa alichokuwa nacho mapajani. Kisa kile hakukisimulia tena mbele ya mumewe, mpaka akaingia kaburini.

Mzee Futi hakukigundua kimya hicho mkewe alipokuwa hai. Alikigundua alipokufa.

Sasa, Jumanne moja, Bibi Droo akampigia simu. Huyo ni mtunza ramani wa ofisi ya ardhi, mama mfupi wa koti la buluu. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimtafuta unaona miguu tu, kichwa kimo ndani ya droo. Walifahamiana tangu enzi za mnyororo. Alisema chumba cha ramani kinahamishwa. Kuna karatasi za zamani zimeliwa pembe na mende, namba hazisomeki, na vijana wa ofisini hawajui ipi inakaa jirani na ipi. Njoo unitambulishie vilima vyako, alimwambia, kabla sijaambiwa nivichome moto.

Mzee Futi akaenda. Afadhali vilima kuliko kuta nne.

Chumba kilikuwa kirefu, droo pana za bati zimepandana toka sakafuni hadi kifuani, kila moja na kelele yake ikivutwa. Waliweka karatasi mezani moja moja. Yeye alipitisha kidole juu bila kugusa. Huu mlima una mnara. Hii ni ile mito miwili iliyogombana. Hapa gari lilizama kwenye tope tukalala na njaa. Bibi Droo akaandika kwa penseli nyuma ya kila karatasi, kazi ikaenda.

Karatasi ya kumi, au ya kumi na moja, kidole kikasimama.

Mlima aliujua. Ule wa mgongo mrefu, wenye jiwe la wapimaji kileleni. Alishaupanda mara nne. Mto pia aliujua, ulivyojikunja kama kiwiko. Lakini reli ilikuwa mahali pasipo pake. Reli anayoijua yeye inapita bondeni, kusini ya mlima. Hii ilipanda kaskazini kidogo, begani mwa mlima ule ule, ikajipinda juu ya mteremko kama mtu anayekwepa dimbwi. Na katikati ya mpindo, pameandikwa jina.

Herufi hakuzijua. Umbo la jina alilijua kama unavyoijua sura ya mtu. Alilikodolea macho kutwa nzima kwenye ubao wa stesheni, siku alipokwenda kuposa, akingoja wakwe waamue.

"Hili si jina la stesheni ya kina mama watoto?" aliuliza.

Bibi Droo akavaa miwani. Ndilo. Akageukia pembe, akasoma mwaka, wakahesabu pamoja: karatasi hii ilipochapwa, marehemu hakuwa ametimiza miaka miwili. Ndipo Bibi Droo akakumbuka alichosimuliwa na wazee wa ofisi. Reli ya kwanza ilipita huko juu. Mvua zikinyesha treni zikawa zinateleza, kazi ikawa kupanda hatua mbili na kurudi tatu. Basi reli ikateremshwa bondeni, na stesheni ikahamia huko: ubao, jina na watu wake. Zilizobaki ni nyumba tu.

Mzee Futi hakuusikia mwisho wa maneno hayo. Kando ya jina palikuwa na vidoa vyeusi vitano, vimejipanga kama watoto wa shule. Na nyuma ya kidoa cha mwisho, kiduara kisichofika ukubwa wa punje ya dengu. Cha buluu.

Alivuta kiti, akakaa, akasimama tena. Miaka yote ile alifuata jina, hakufuata mahali. Alizunguka stesheni mpya na mnyororo wake akaapa kwamba hakuna kitu. Na kweli hapakuwa na kitu. Alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo wake kwenye suruali ya jirani, kisha anatangaza kwamba umepotea.

Aliomba apewe karatasi ile. Bibi Droo akasema haitoki nje ya mlango huu hata akileta ng'ombe. Lakini alimpa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akamchongea penseli. Mkono ulioshika nguzo miaka thelathini na moja haukuwahi kushika penseli kwa kazi hiyo. Wenye kuchora walikuwa wengine. Akaulaza juu ya meza. Akaufuata mlima, akaufuata mto, akaifuata reli, akaziweka nyumba moja, mbili, tatu, nne, tano. Alipofika kwenye kiduara alibana pumzi.

Binti yake, kitinda mimba, ndiye aliyeambiwa wa kwanza. Huyo ni fundi umeme, ana kigari chake chenye ngazi juu, na ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho. Alimsikiliza baba yake akieleza kwa pumzi moja, jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani, maana kwa baba yake maneno kumi yalikuwa hotuba. Kesho yake akapita kwa Bibi Droo, akaipiga picha ile karatasi, akanakili namba za pembeni zinazoonyesha mahali. Baba asiwe na wasiwasi, alisema, simu itatufikisha mlangoni.

Kisha Mzee Futi akamwita shemeji yake, yule kondakta, siku hizi mstaafu. Akaja Ijumaa alasiri. Mchoro ulikuwa mezani jikoni, pembe moja imekaliwa na kikombe, nyingine na kopo la chumvi. Shemeji akaugeuza kichwa chini miguu juu.

"Hii ni ramani, shemeji, au umechora utumbo wa mbuzi?"

Mzee Futi hakucheka. Alimwonyesha mlima, reli, nyumba, kiduara. Shemeji akasema kitu ambacho Mzee Futi alikuwa akikingoja kwa hofu.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema hakuna. Sisi tulicheka tu, shemeji. Muhuri uligonga wewe."

"Ndiyo maana naenda."

Shemeji akakitazama kikombe. Akauliza wanaondoka saa ngapi.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi, ngazi ikipiga kelele juu ya kigari. Shemeji alikaa katikati kwa kuwa ndiye mwembamba, akalalamika njia nzima kwamba gia inamchoma goti. Mzee Futi alishika mchoro kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Mlima ulipotokea kwenye kioo cha mbele, na mgongo wake mrefu, akauonyesha kwa kidevu tu.

Simu ikawapeleka kulia, kushoto, kwenye njia ya vumbi, mpaka ikatangaza kwamba wamefika. Mbele yao palikuwa na uzio wa waya, kuku kama mia nne, na mama mmoja mwenye viatu vya mpira na ndoo mkononi. Walimuuliza kama zamani reli ilipita hapa. Akajibu kwamba amekaa hapa miaka ishirini na sita, na kitu pekee kilichowahi kupita kikipiga mluzi ni mume wake.

Shemeji alicheka mpaka akashika uzio. Binti akaiangalia simu, akazihakiki namba moja moja. Ziko sawa. Uso ukamshuka. Alikwishaahidi mlango, sasa amempa baba yake banda la kuku.

"Namba umezitoa wapi?" baba yake aliuliza.

Pembeni mwa ile ramani, kama zilivyo.

Basi Mzee Futi akacheka. Kicheko kilitoka tumboni, kikamshika mpaka akaegemea kigari. Binti yake alimkodolea macho. Hakuwa amekisikia tangu msiba wa mama. Kosa hili alilifahamu vizuri mno. Alishaona vijana waliosoma sana wakitumbukia shimo hilo hilo, na mmoja alipigilia vigingi vya shule katikati ya bwawa.

"Wapimaji wa zamani walianza kuhesabu kwenye jiwe lao, mwanangu," alisema. "Hiyo simu yako inahesabu kutoka angani. Ukichukua hesabu ya huyu ukampa yule, unapotea futi elfu moja kasoro kidogo."

Shemeji akataka kujua ni futi elfu za upande gani, maana dunia ni duara na yeye magoti anayo mawili tu.

Mzee Futi alitandaza mchoro juu ya boneti. Namba zinahama, mlima hauhami. Aliigeuza karatasi taratibu mpaka mgongo wa mlima wa karatasi ukalala sawasawa na mgongo wa mlima wenyewe. Kutoka jiwe la kileleni akavuta mstari kwa jicho. Kutoka kiwiko cha mto akavuta mwingine. Ilipokutana mistari miwili, akanyanyua uso. Ni kule juu ya banda, begani mwa mlima, kwenye vichaka.

Akaanza kupanda. Ujanani hatua yake ilikuwa futi mbili na nusu, kila mpimaji aliiamini kama rula. Sasa ana miaka sabini na minne, imebaki futi mbili. Basi alihesabu mbili mbili, midomo ikichezacheza. Binti alifuata na panga lake la kufyekea njia za nyaya za umeme. Shemeji alifuata akiomba tupumzike, jamani, mlima haukimbii. Hakuna aliyemsikiliza.

Mzee akasimama ghafla.

"Miguu yenu inasemaje?"

Shemeji akajibu kwamba yake inasema chai. Binti akatazama kulia, akatazama kushoto, akaelewa. Walikuwa wamesimama mahali tambarare. Ukanda wa futi kumi na mbili, umekatwa kwenye mteremko, haupandi wala haushuki, unajipinda na mlima mpaka unapotea vichakani. Ng'ombe hawatengenezi njia kama hiyo. Mvua haitengenezi. Anayeogopa mteremko kiasi hicho ni treni peke yake.

Shemeji alipiga teke kitu. Akainama, akakiokota: kijiwe cheusi, chepesi, chenye matundu, mabaki ya makaa yaliyoungua. Akakigeuza, akakinusa. Halafu akakitia mfukoni bila mzaha wowote.

Sasa walikuwa karibu kukimbia. Mzee Futi mbele, mchoro kifuani. Walikuta sakafu ya kwanza chini ya majani, na kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa nyayo za watu. Cha pili. Cha tatu, kimepasuliwa na mzizi. Cha nne. Cha tano. Nyuma ya cha tano, kichaka cha miiba kimefungana kama ngumi.

Binti alifyeka. Mzee akavuta matawi kwa mikono mitupu, akichomwa, hajali. Shemeji naye akavua koti. Jiwe moja la kuchongwa likatokea, likafuatwa na jenzie, na mengine, yakifuata duara. Mahali fulani duara likaachia mwanya. Binti alipokata tawi la mwisho, hewa baridi iliwapiga usoni kama vile mtu amefungua mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi.

Ngazi. Tano zinaonekana, pana, za mawe. Ya sita iko chini ya maji, na maji ni meusi na yametulia.

Shemeji alivua kofia.

"Kumbe, dada," alisema.

Mzee Futi aliteremka mpaka ngazi ya tano, mkono mmoja ukutani. Akakaa. Akatia kiganja majini, akakiacha humo. Akabaki anaangalia maji yakitembea kati ya vidole vyake. Hakuona haya kulia. Machozi yalitoka na yeye anatabasamu, kama mvua ya jua.

Binti yake alishuka akakaa ngazi ya juu yake. Akasema kuna jambo mama alimwambia hospitalini, wiki ile ya mwisho. Ukutani, upande wa mkono wa kulia, chini zaidi, babu alikuwa anamsimamisha kila mwaka kipindi maji yanapopungua, anachonga mstari juu ya kichwa chake. Mistari ya urefu wake. Ipo mitano.

Mzee akageuka. Aliuliza kwa nini hakuambiwa yeye.

Binti aliinama. Akachuma jani, akalikunja.

"Mama alisema baba yako ni mtu wa vipimo. Ukimwambia, atataka kwanza kupima."

Hapo paliuma. Paliuma mahali penyewe, maana ilikuwa kweli tupu. Miaka arobaini na sita aliishi na mwanamke ambaye hakuwahi kumdanganya hata bei ya nyanya, na siku alipoulizwa juu ya neno lake, aliuamini mnyororo.

Shemeji wakati huo alishakunja suruali. Amekata tawi refu, ameingia majini mpaka magotini, anapapasa ukuta wa kulia na kutoa maelekezo kwa sauti kubwa. Mistari haiwezi kuwa mbali. Kama haifikiki kwa mkono leo, wiki ijayo wakodi pampu, wayatoe maji yote, wahakikishe, ili asije mtu akasema...

Mzee Futi alimshika shati.

"Toka majini, shemeji. Amesema ipo. Ipo."

Shemeji alimtazama. Akaliachia tawi, likaelea.

Walikaa juu ya kizingiti cha tano, mabega yakigusana kwa kuwa kizingiti chenyewe kifupi. Chini yao bonde lote lilikuwa wazi, na reli mpya ilionekana mbali kama uzi. Shemeji aliuliza kama ni hapa hasa, chumba hiki, alipozaliwa dada yake. Mzee akasema ndiyo. Hakusema labda.

Kisha akauliza siku ile sebuleni walikuwa wangapi. Shemeji hakuuliza siku ipi. Alihesabu kwa vidole, akarudia: kumi na mmoja, na dada mwenyewe kumi na wawili. Watatu wametangulia. Wamebaki tisa, na wawili wa hao tisa ni wao.

"Waite," Mzee Futi alisema.

"Jumapili ijayo?"

"Leo jioni. Nilisema mbele yao. Nitasema mbele yao."

Alishasimama. Akaukunja mchoro mara nne, akauweka mfuko wa shati, akashika njia ya reli ya zamani kurudi, hatua ndefu zisizo za umri wake. Binti yake akamfuata ameinua simu juu akitafuta mtandao. Alipoupata akampigia shangazi mkubwa, akamwambia aache alichokuwa akifanya, baba ana neno, ndiyo, huyo huyo baba asiye na maneno.

Shemeji alibaki nyuma akihangaika na viatu, miguu imelowa. Akapaza sauti kuuliza kama jioni hiyo na yeye atapewa nafasi ya kusema, kwa sababu, tuseme ukweli, aliyecheka zaidi ni yeye.

"Wewe wa pili," Mzee Futi alijibu bila kugeuka. "Na usiongeze chumvi."